Leseni ya Kuchimba Haitoshi: Nafasi ya Chombo cha Taaluma katika Kuweka Viwango vya Kazi za Wanaakiolojia



Tukiulizwa nani anasimamia ubora wa kazi zetu, wengi wetu hujibu haraka kwamba sheria ipo na Idara ya Mambo ya Kale ipo. Ni kweli. Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979, inakataza mtu kuchimba bila leseni, na inavilinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863. Kenya nao wana sheria yao ya makumbusho na urithi ya mwaka 2006, ambayo pia inataka kibali kabla ya uchimbaji.

Lakini leseni inaamua nani achimbe na wapi. Haisemi udongo uchekechwe kwa chekeche la matundu ya ukubwa gani, matabaka yachorwe vipi, ripoti itoke lini, wala vigae vikishafungwa kwenye mifuko vipelekwe wapi na nani alipie utunzaji wake. Ofisa wa Idara hawezi kusimama kando ya kila shimo nchini. Mambo hayo huamuliwa na wanataaluma wenyewe, na wasipoyaamua, kila mtu hufanya anavyoona.

Uingereza walianzia upande mwingine kabisa. Kule England, ardhi ambayo haimo katika orodha ya maeneo yaliyohifadhiwa inaweza kuchimbwa kwa ridhaa ya mwenye ardhi tu, bila leseni ya serikali. Kwa kukosa leseni ya kujifichia, wanaakiolojia wa huko walilazimika kujitungia utaratibu. Mwaka 1982 waliunda chama chao, ambacho leo kinaitwa Chartered Institute for Archaeologists, baada ya kupewa Hati ya Kifalme mwaka 2014. Kina kanuni za maadili, madaraja ya uanachama, miongozo ya kila aina ya kazi, na utaratibu wa kupokea malalamiko unaoweza kuishia kwa mwanachama kufukuzwa.

Chama hicho kilipata kazi ya kweli pale pesa ilipoingia. Mwaka 1989 mabaki ya ukumbi wa Rose, ambako tamthilia za Shakespeare ziliwahi kuchezwa, yalifukuliwa jijini London katika kiwanja kilichokuwa kinajengwa ofisi. Waigizaji maarufu walijitokeza kuyatetea, magazeti yakapamba moto. Mwaka uliofuata serikali ikatoa mwongozo wa mipango uliojulikana kama PPG 16, na tangu hapo mjenzi ndiye akawa anabeba gharama za akiolojia katika kiwanja chake. Zabuni zikafuata. Mjenzi hana haja ya kujua historia ya kiwanja. Anachotaka ni kuruhusiwa kumwaga zege, na kwake mwanaakiolojia bora ni mwenye bei ndogo na siku chache. Viwango vilivyoandikwa vikawa ndiyo sakafu: shusha bei utakavyo, lakini chini ya hapa hushuki, kwa kuwa ofisa mipango wa halmashauri anavishika viwango hivyo hivyo na kukupima navyo. Uanachama umebaki kuwa wa hiari mpaka leo, jambo ambalo naliona ni udhaifu, lakini sakafu ipo.

Sisi sasa tumeingia katika njia hiyo hiyo. Tangu Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, miradi mikubwa haianzi bila tathmini ya athari kwa mazingira. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, peke yake ni kilomita 1,443, na kuna reli, mabwawa na barabara. Vijana wanaohitimu akiolojia wanapata kibarua chao cha kwanza katika timu za namna hii, si katika miradi ya vyuo vikuu. Humo, anayetambulika kisheria ni mtaalamu wa mazingira aliyesajiliwa. Mwanaakiolojia ni jina moja kwenye kiambatisho. Hadidu za rejea zinasema urithi wa kitamaduni utathminiwe, basi. Kijana anapewa siku mbili, anatembea shambani nyasi zikiwa kiunoni, na ripoti inaandikwa aya moja: hakuna kilichoonekana.

Linganisheni na Laetoli. Serikali ilipotaka kujenga makumbusho pale zilipo nyayo alizozitangazia ulimwengu Mary Leakey mwaka 1978, timu ya Watanzania na Waitaliano, akiwemo Profesa Fidelis Masao, ilifanya tathmini ya eneo la ujenzi. Hawakuishia kutembea. Walipanga gridi, wakachimba makumi ya mashimo ya majaribio ndani yake. Katika baadhi ya mashimo hayo zikatokea nyayo nyingine, za viumbe wawili waliopita hapo miaka ipatayo milioni 3.66 iliyopita, mita 150 hivi kutoka zile za Leakey. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016. Juu ya ardhi hapakuwa na dalili yoyote. Tathmini ya aya moja ingeandika kwamba hakuna kilichoonekana, na isingekuwa imedanganya.

Kwa hiyo swali la kiwango ni swali la mashimo mangapi kwa hekta, ya kina gani, na nani ana mamlaka ya kusema hayatoshi. Mwekezaji hawezi kulijibu, na sidhani wakili wa serikali anaweza. Ni sisi. Na kijana niliyemtaja hapo juu, akikataa kuweka saini ripoti ya siku mbili, leo anasimama peke yake na kazi anapewa mwingine. Akiwa na chombo cha taaluma nyuma yake, atamwonyesha mshauri mwelekezi ukurasa wa mwongozo na kumwambia kwamba akishuka chini ya hapa, yeye kijana atafutiwa usajili. Mara nyingi viwango huelezwa kama fimbo ya kumchapa mwanaakiolojia. Mimi naviona zaidi kama kinga yake.

Nani aingie katika chombo hicho? Hapa naomba tusikimbilie vyeti. Marekani, rejista ya wanaakiolojia iliyoanza mwaka 1998 inadai, katika daraja lake kuu, shahada ya uzamili au zaidi. Waingereza wanapima umahiri: mwombaji analeta kazi zake, zinakaguliwa. Kwa mazingira yetu nauunga mkono mtindo wa pili, na sababu yangu ina jina. Kamoya Kimeu alianza kama kibarua wa akina Leakey kule Olduvai. Mwaka 1964 aliliona taya la Peninj karibu na Ziwa Natron, na mwaka 1984 kipande cha kwanza cha kiunzi cha mvulana wa Turkana. Chombo ambacho kingemkatalia Kamoya daraja lolote kitakuwa kimeanza vibaya. Kila mmoja wetu anawafahamu mafundi wa namna hiyo, wanaosoma mabadiliko ya udongo kwa ncha ya mwiko kabla ya mwenye shahada kuinama, na ambao majina yao hayaonekani katika ripoti zetu.

Afrika Kusini wameongeza jambo jingine la kuiga. Chama cha ASAPA kinawaidhinisha wanaofanya tathmini za mikataba kwa ngazi na kwa fani: Enzi ya Mawe, Enzi ya Chuma, sanaa ya miambani, uhamishaji wa makaburi. Kuwa bingwa wa zana za mawe hakumaanishi kwamba unaruhusiwa kufukua kaburi la babu wa watu. Kwetu kuna Sheria ya Kuhamisha Makaburi ya mwaka 1969, na miradi inahamisha makaburi mengi. Ni eneo ambalo kosa moja la kitaalamu linageuka msiba wa ukoo mzima.

Nirudi kwenye ripoti, maana ndipo tunapoumia zaidi. Neville Chittick alichimba Kilwa katika miaka ya 1960, na kitabu chake cha juzuu mbili kikatoka mwaka 1974. Tunaweza kubishana na tafsiri zake za nani aliujenga mji ule, na tumebishana sana. Tunaweza kwa sababu alichapisha michoro, matabaka na orodha ya vitu. Ripoti nyingi za tathmini za leo hazipatikani kabisa. Zimo katika kabati la kampuni au kompyuta ya mtu aliyekwishahama. Uchimbaji huharibu kile unachokisoma. Asiyetoa ripoti ameharibu tu.

Kuna wasiwasi mmoja ambao naukubali. Sisi ni wachache, na karibu kila mtu humu amefundishwa na mwenzake au amemfundisha. Mwanafunzi atamhukumuje mwalimu wake mbele ya kamati ya maadili? Ndiyo maana napendekeza kamati ya malalamiko iwe ya Afrika Mashariki: shauri la Mtanzania lisikilizwe na Wakenya na Waganda, na sisi tuyasikilize ya kwao. Kuna wasiwasi pia kwamba chombo kitageuka uzio wa wakubwa kujigawia zabuni na ada kubwa ya kuwafungia nje vijana. Dawa yake ni ada inayolingana na kipato, na orodha ya wanachama na adhabu zao kuwa wazi kwa yeyote.

Ndugu Mwenyekiti, hatuhitaji kusubiri muswada bungeni. Naomba semina hii, kabla hatujatawanyika leo, iteue watu wachache waandike mambo mawili tu: kiwango cha chini cha mashimo ya majaribio katika tathmini, na muda wa mwisho wa kukabidhi nakala ya ripoti kwa Idara na Makumbusho ya Taifa. Tuyatie saini wenyewe, kisha tuipelekee Idara iyaweke katika masharti ya leseni.