Mafundisho ya Kariakoo



Watu wengi hutoka parokia za mbali kuja Dar es Salaam, nao walimu waletao wanafunzi hutuuliza, "Mtatuonyesha nini mjini?" Desturi yetu ni kuwaonyesha makanisa, bandari na majumba marefu, kisha kuwapeleka Kariakoo wakanunue vitu. Neno letu ni hili: wapelekeni Kariakoo wakajifunze pia, maana mtaa ule umeona misiba mingi, na msiba usiofundishwa haukawii kurudi.

Anzeni na jina lenyewe. Waingereza walipoutwaa mji huu mwaka 1916, wapagazi wa jeshi lao waliwekwa pale. Jeshi hilo la wapagazi liliitwa Carrier Corps, na vinywa vya wenyeji vikalifanya Kariakoo. Wapagazi walichukua risasi na vyakula vichwani, wakafa kwa makumi ya maelfu, na wengi wao hawakuuawa kwa bunduki, bali kwa maradhi, njaa na uchovu. Sanamu iliyosimamishwa mjini mwetu mwaka 1927 yaonyesha askari peke yake; wapagazi wametajwa katika maandishi tu. Kule Nairobi mpagazi amesimama pamoja na askari. Hapa kwetu ukumbusho wake mkubwa ni jina la soko. Ni watoto wangapi walitajao kila siku, wakijua kwamba wanawataja marehemu?

Kisha watazame soko, lililosanifiwa na Mtanzania mwenzetu, Beda Amuli, likajengwa katika miaka ya 1970. Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 liliwaka moto, na wafanya biashara wengi wakapotewa na mali zao. Tena, asubuhi ya Jumamosi, tarehe 16 Novemba 2024, jengo la ghorofa nne liliporomoka mtaani humo humo. Watu zaidi ya 20 walifariki, na zaidi ya 80 waliokolewa. Waliokuwa chini ya kifusi walipelekewa maji na hewa, huku waokoaji wakichimba usiku na mchana.

Twapenda kusema, "Ajali haina kinga." Lakini Ijumaa Kuu ya tarehe 29 Machi 2013, katikati ya mji huu huu, ghorofa iliyokuwa ikijengwa ilianguka ikaua watu 36, na miongoni mwao walikuwamo watoto. Mtoto aliyekuwa na umri wa miaka 7 siku ile, alikuwa amekwisha timiza miaka 18 Kariakoo ilipolia. Je, katika miaka hiyo, nani alimpeleka mahali pale akamfundisha? Shuleni alikariri, "Usipoziba ufa utajenga ukuta," wala hakuonyeshwa ufa wenyewe.

Jirani zetu wametupa mfano. Tarehe 7 Agosti 1998 mabomu yalilipuka katika balozi za Marekani, hapa na Nairobi. Hapa walikufa watu 11. Kule walizidi 200. Mahali pa ubalozi ule wa Nairobi pamefanywa bustani. Majina ya marehemu yameandikwa ukutani, na pana nyumba ya maonyesho ambamo wanafunzi hufundishwa habari za siku ile.

Labda mtu atauliza, "Si aibu kuwatembeza wageni penye vilio?" Ni aibu, kama wanakuja kushangaa na kupiga picha. Basi tushike mambo matatu. Kwanza, tuwaombe ruhusa wafiwa, na asiyetaka habari zake zisimuliwe aachwe kwa heshima. Pili, msimulizi awe mtu wa mtaa ule: mchuuzi, au mchukuzi, ambaye ndiye mrithi wa wapagazi wa kale. Naye alipwe ujira wake, maana asubuhi anayowapa wageni ni asubuhi aliyoacha kutafuta riziki. Na wageni wale chakula kwa mama lishe wa pale pale. Hivyo fedha ya mgeni itamfikia aliyeumia, wala haitaishia kwa mwenye basi. Tatu, fundisho liishie katika kazi. Wanafunzi wakirudi kwao, wazunguke shule na kanisa, watazame nyufa, nyaya za umeme, milango ya kutokea, na maji ya kuzimia moto. Waliyoyaona wayaandike, na mwalimu ayapeleke kwa wanaohusika.

Ndugu zetu, maduka yaliyoanguka yaweza kujengwa upya, na watu wakasahau mara wanapoona rangi mpya. Lakini mjane apitaye hapo akienda kununua unga hasahau. Akikuta watoto wamesimama kimya, wakifundishwa jinsi ya kuyalinda maisha ya wengine, atajua kwamba mtu wake hakufukiwa pamoja na kifusi. Kazi hiyo haihitaji fedha nyingi. Yahitaji mwalimu aliye tayari. Basi, na tuianze.