Cheti Hakimpi Mtoto Pumzi

(Mazungumzo na watumishi wa Serikali na walimu wa Ipagala, Dodoma)



Mtoto anayezaliwa bila kupumua hana muda wa kungoja. Mkunga hana budi amkaushe, amsisimue na, kama bado hajavuta pumzi, ampe hewa kwa mfuko na kifuniko cha uso, yote hayo ndani ya dakika ya kwanza. Hapo hakuna nafasi ya kufungua kitabu wala ya kutuma mtu amwite daktari.

Kwa sababu hiyo sote twasema wakunga wafundishwe. Ni kweli, lakini wafundishwe namna gani? Jibu tunalo humu humu nchini. Katika Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, mkoani Manyara, watumishi walipewa mafunzo ya siku moja mwaka 2010. Miezi 7 baadaye walipopimwa kwa mwanasesere wa mazoezi, waliofaulu walikuwa wengi kuliko awali. Lakini katika chumba cha kujifungulia, utendaji haukubadilika. Ndipo mwaka 2011 yalipoanzishwa mazoezi mafupi kazini: dakika 3 hadi 5 kila wiki, na dakika 40 kila mwezi. Katika mwaka huo wa mazoezi, vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vilishuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000.

Ndugu walimu, jambo hili mnalifahamu vema. Hakuna mtoto aliyejua kuandika kwa somo la siku moja. Askari naye hurudia kwata ili siku ya hatari mikono itende kabla hofu haijaingia.

Ndugu watumishi, taarifa inayohesabu semina, posho na vyeti haijatueleza kama mtoto alipumua. Kinachotakiwa ni mwanasesere katika kila wodi ya wazazi, mfuko safi karibu na kitanda cha kujifungulia, na mganga mfawidhi anayeandika mazoezi katika orodha ya zamu kama aandikavyo zamu ya usiku. Nanyi mlio katika kamati za zahanati na vituo vya afya, ulizeni kila mkutano: wiki hii mazoezi yamefanyika?

Dodoma ni makao makuu ya nchi. Mfano huu na uonekane hapa.