"Toa Tu, Daktari"

Msikilizaji, mwenye jino bovu hatambuliki kwa kulia, mtazame anavyotafuna. Keti kwenye kibanda cha chai pale Illasit umwangalie dereva wa lori la nyanya akila chapati. Ukiona kila tonge linapelekwa shavu la kushoto, na chai imeachwa ikapoa mpaka ikafanya utando, jua upande wa kulia kuna tundu. Mfukoni ana karafuu. Wala usimcheke. Mafuta ya karafuu hutia ganzi, na hata daktari wa meno huyachanganya kwenye dawa ya kuzibia kwa muda. Ila ganzi haizibi kitu. Karafuu ikishindwa atanunua tembe, tembe zikishindwa atavumilia, na usiku mmoja shavu litafura. Asubuhi atamwambia mwenye koleo: "Toa tu, daktari, nipumzike."

Maneno hayo ndiyo yaliyonileta hewani leo.

Hapa Kajiado kung'oa kuna historia yake. Wamaasai wa zamani waliondoa kwa makusudi meno mawili ya mbele ya chini, na sababu inayotajwa ni pepopunda: ugonjwa ule hufunga taya, na kupitia pengo hilo mgonjwa angenyweshwa maziwa. Kabla ya chanjo, hiyo ilikuwa hesabu ya busara. Kumchokoa mtoto mchanga ufizi ati chonge zake zinamharisha ni jambo jingine. Huko ni kumletea maambukizi, na silitetei. Lakini dereva wetu haogopi pepopunda. Ana gego lililotoboka, basi.

Na limetobokaje? Vijidudu vya kinywani hula sukari yetu, huacha asidi, asidi hulainisha gamba gumu la jino. Chini ya gamba kuna tabaka laini zaidi, na uozo ukishafika hapo hutambaa kando kama mchwa ndani ya mlango: nje unaona kitone cheusi, ndani ni pango. Ndani zaidi ndiko kwenye kiini, penye mishipa ya damu na fahamu. Kabla uozo haujagusa kiini, jino hilo linazibika. Methali ya ufa na ukuta mnaijua, sitawachosha nayo.

"Kuziba ni kwa watu wa Nairobi," utaniambia, "kunataka kiti cha umeme na ile mashine inayolia kama nyigu." Sasa nisikilize vizuri. Katikati ya miaka ya 1980, nchini Tanzania, daktari wa meno Mholanzi Jo Frencken alikabili tatizo hilihili: huduma za vijijini zilitegemea vifaa visivyofanya kazi huko. Akaiacha mashine. Akachukua vifaa vya mkono, akapanua mdomo wa tundu, akakwangua uozo laini kwa kijiko kidogo, akaziba. Siku hizi kinachotumika ni simenti ya glasi-ayonoma: unga na maji yake hukorogwa papo hapo, hushindiliwa kwenye tundu kwa kidole chenye glavu iliyopakwa mafuta ya mgando, na mgonjwa huambiwa asile kwa saa moja. Mara nyingi hata sindano ya ganzi haihitajiki. Njia hiyo ilipimwa Thailand na Zimbabwe, na mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani likaipigia debe. Mwaka 2021 simenti hiyo iliingia kwenye orodha ya shirika hilo ya dawa muhimu.

Ile dawa ya zamani ya kuzibia, ya rangi ya fedha, ambayo karibu nusu yake ni zebaki, inaaga. Novemba 2025, nchi za Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki zilikubaliana iachwe kabisa kufikia 2034.

Haizibi kila kitu, hiyo simenti. Jino linalouma lenyewe usiku bila kuguswa kwa kawaida limeshaoza hadi kiini. Hilo ni la kutibiwa mzizi, au kweli ling'olewe. Na tundu lililokula pande mbili za jino, kizibo chake huvunjika mapema zaidi. Tena tusichanganye mambo: meno ya kahawia tuliyo nayo wengi huku si uozo, ni floraidi iliyozidi katika maji ya visima. Kipimo kinachoshauriwa hakizidi miligramu 1.5 kwa lita. Ajabu ni kwamba simenti hiyo nayo hutoa floraidi, kidogokidogo, na kwa kiasi hicho humsaidia mwenye jino.

Kutoka Illasit, Tanzania ni mwendo wa miguu. Vitunguu vinavuka, mahindi yanavuka, hata mabishano ya mpira yanavuka kutoka Tarakea. Ujuzi uliozaliwa nchi hiyo jirani miaka arobaini iliyopita unasubiri muhuri gani? Chuo cha mafunzo ya tiba, KMTC, hufunza maafisa wa afya ya kinywa. Vifaa vyenyewe vinaingia kwenye mkoba wa bodaboda. Kaunti ikiniambia haina kiti cha meno kwa kila zahanati, nitaelewa. Ikiniambia haina kijiko na simenti, hapo tutagombana.

Nawe dereva, kabla hujasema "toa tu", uliza kwanza: "Daktari, hili linazibika?" Ukijibiwa kwamba dawa ya kuzibia imeisha, muulize inakuja lini, na usiondoke kabla hajakutajia siku.