ROVU NA MATARISHI WA MWILI
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama)



Katika nyanda hizi za juu, toka Iringa hata Mbeya, wazee wetu walilijua rovu kwa macho. Wengine walisema ni urithi wa ukoo, wengine walisema ni uchawi. Twataka kueleza leo kwamba sivyo.

Mwili wa mtu huendeshwa kama ofisi. Ndani yake mna tezi zitoazo homoni, na homoni ni matarishi: huchukuliwa na damu, zikapeleka amri kwa viungo. Tezi ya shingo, iliyokaa mbele ya koo, hutoa homoni iitwayo thairoksini, ambayo mtaalamu wa kemia Edward Kendall wa Marekani aliitenga mwaka 1914. Hiyo huongoza joto la mwili, mwendo wa moyo, na kukua kwa mtoto na ubongo wake.

Wote twajua kuwa karani hawezi kuandika bila wino. Wino wa tezi hii ni ayodini, yaani madini joto. Mtu mzima ahitaji mikrogramu 150 tu kwa siku. Lakini udongo wa milimani umeoshwa na mvua kwa karne nyingi, na mazao yake yana madini hayo kidogo. Basi tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, ambayo ni msimamizi, ikiona kazi haifiki, hupeleka barua juu ya barua kuihimiza tezi ya shingo, nayo kwa kujitahidi huvimba. Hilo ndilo rovu: karani si mvivu, bali amekosa wino.

Hata hivyo hasara iliyo kubwa haionekani shingoni. Mama mja mzito akipungukiwa sana, mtoto aweza kuzaliwa kiziwi, au akadumaa, au akawa mzito wa kufahamu. Na hasara hiyo ya ubongo haiponywi tena. Ni wangapi waliopigwa fimbo shuleni kwa ujinga usiokuwa kosa lao?

Katika miaka ya 1980 Serikali ilianza kugawa vidonge vya mafuta yenye madini joto katika wilaya zilizopungukiwa sana, na katika miaka ya 1990 ikaamuru chumvi ya kuliwa itiwe madini hayo. Rovu likapungua sana. Lakini chumvi isiyotiwa kitu ingali ikiuzwa kwa vipimo, na wengi huipenda kwa kuwa ni rahisi.

Yatupasa sisi wenye mshahara na kusoma tuwe wa kwanza. Tununue chumvi iliyoandikwa kuwa ina madini joto. Tuiweke pakavu na kuifunika. Tuitie chakula kikikaribia kuiva, wala tusiizidishe. Mwenye uvimbe aende hospitali, kwani si kila uvimbe wa shingo ni wa upungufu huu. Na tuwaeleze jirani zetu, hasa wenye wake waja wazito, maana mtoto aliye tumboni hawezi kujinunulia chumvi.