Kabla Hujalipa Garanti Baraka

Ndugu msikilizaji unayehamia Baraka kutoka Bukavu, Uvira au milima ya Fizi, usikimbilie nyumba ya bei ya chini kando ya ziwa. Mwaka 2021 na 2024 Ziwa Tanganyika lilipanda likaingia majumbani. Tazama ukutani: alama ya maji ingali pale, na udongo wa chini unamomonyoka ukiugusa. Uliza majirani, si komisioneri (dalali wa nyumba) peke yake. Uliza pia maji ya kunywa yanachotwa wapi, maana kipindupindu hakijatutoka.

Na garanti, yaani amana unayompa mwenye nyumba? Sheria ya Kongo ya tarehe 31 Desemba 2015 inasema isizidi kodi ya miezi 3 kwa nyumba ya kuishi. Mwenye nyumba akidai 6, kataa. Andikeni mkataba mbele ya mashahidi, na risiti uitunze.