Wanafunzi Wetu na Mto Utokao Nyandarua
(Maneno yaliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Tumetakiwa tueleze kwa nini sehemu ya fedha za elimu, ambazo desturi yake ni kulipa karo, mwaka huu imelipa gari la kuwapeleka wanafunzi mtoni. Swali hilo ni la haki.

Sisi tuishio Nairobi twafungua bomba bila kuuliza maji yatoka wapi. Mengi yatoka kwetu. Bwawa la Ndakaini huko Murang'a, lililokamilika mwaka 1994, hukusanya maji ya mito ya Thika, Githika na Kayuyu ishukayo kutoka Nyandarua, na ndilo tegemeo kubwa la jiji. Yasiyozuiliwa huko huendelea hadi mto Tana, yakazungusha mitambo ya umeme ya Masinga na mingine iliyo chini yake, kisha yakamwagika baharini karibu na Kipini.

Basi udongo uondokao shambani mwa mtu mmoja kilimani haupotei. Hutua ndani ya bwawa na kupunguza nafasi ya maji. Aliye juu apoteza rutuba, naye aliye chini apoteza maji. Ndiyo sababu mwaka 2015 ulianzishwa Mfuko wa Maji wa Tana ya Juu na Nairobi, ili watumiaji wa chini wawasaidie wakulima wa juu kuchimba matuta, kupanda majani ya kushika udongo, na kutega maji ya mvua.

Mtoto akiyasoma haya kitabuni hujibu mtihani akasahau. Kwa hiyo tulipatana na shule ya kwetu, pamoja na chama cha watumiaji maji, mojawapo ya vile vilivyotambuliwa na Sheria ya Maji ya mwaka 2002. Mwalimu atoa saa zake, chama cha maji chatoa mtu aujuaye mto, nasi twatoa gari na chakula cha mchana. Wanafunzi hujaza maji katika mrija mrefu wenye alama chini yake, wakatazama kama alama yaonekana au imefunikwa na tope. Kadhalika hugeuza mawe na kuhesabu wadudu wakaao chini yake, maana wako wasioweza kuishi katika maji machafu. Walipima juu ya mashamba, wakapima na chini yake. Tofauti haikuhitaji mtaalamu.

Hapo ndipo lawama ilipozuka. Baadhi ya wazee walisema kwamba watoto wametumwa kuyapeleleza mashamba ya baba zao. Hofu hiyo hatuicheki. Siku za ukoloni matuta yenyewe yalichimbwa kwa kulazimishwa, na mwaka 1948 akina mama wa Murang'a waliandamana kuikataa kazi hiyo. Watu waliopitia hayo hawawezi kuambiwa tu kwamba jambo ni jema, wakaamini.

Kwa hiyo tumekubaliana kwamba jina la mwenye shamba halitaandikwa katika daftari ya mwanafunzi, na kwamba wazee wa kijiji wataombwa ruhusa kwanza na kuonyeshwa vipimo kabla ya mtu mwingine yeyote. Lakini kumwambia mtoto aandike kuwa maji ni safi, na hali macho yake yaona tope, hilo hatulikubali asilani. Wala elimu hii si ngeni kwetu. Hayati Profesa Wangari Maathai, aliyezaliwa Nyeri mwaka 1940, alisimulia jinsi mama yake alivyomkataza kuokota kuni za mugumo, na jinsi kijito kilichokuwa karibu na mti huo kilivyokauka baada ya mti kukatwa. Wazee wa kale waliyajua haya bila mrija.

Fedha za mazishi hazikuguswa. Twaomba mkutano upitishe safari ya pili kabla ya mvua za masika, wakati maji ni machache na mawe yafikika. Mwanachama ambaye shamba lake lapakana na mto, naye yu radhi lipimwe, ampe Mwandishi jina lake leo kabla hatujatawanyika. Wawili wamekwisha kujiandikisha, na mmoja wao ni mzee aliyelalamika kuliko wote.