Msafiri na Milango ya Nchi ya Katikati

Mazungumzo kwa viongozi wa walei na wanajumuiya, Old Moshi



Tulipoombwa kuzungumza nanyi juu ya safari za ng'ambo, baadhi yetu katika Tume tulijiuliza kama jambo hilo lina uhusiano wowote na haki na amani. Ndege ni ya mwenye nauli, tukasema. Lakini watu waliotujia na vilio vyao vya safari wametufundisha vingine. Walio wengi hawakuumia hapa nyumbani, wala hawakuumia kule walikokuwa wakienda. Waliumia njiani, katika nchi ya katikati ambako ndege hubadilishwa, mahali ambapo hakuna anayewajua na kila mlango una afisa na maandishi ya kigeni. Wengine walipoteza fedha za kahawa za miaka miwili. Wengine walikaribia kupoteza zaidi ya fedha.

Kusafiri si jambo geni kwetu. Mwaka 1889 Mangi Rindi, ambaye vitabu vingi humwita Mandara, alituma wajumbe wake kutoka hapa Old Moshi hadi Berlin. Wajumbe wale hawakuulizwa pasipoti. Na katika miaka ya utawala wa Wajerumani, ambao walimnyonga mwanawe, Mangi Meli, tarehe 2 Machi 1900, mafuvu ya watu wa milima hii yalipakiwa na kupelekwa hukohuko Berlin, na hakuna afisa forodha aliyeuliza ndani ya kasha mna nini. Mwaka 2023 ilitangazwa huko kwamba vipimo vya vinasaba vimeoanisha baadhi ya mafuvu hayo na jamaa zao walio hai. Leo mjukuu anayetaka kuvuka mpaka uleule hutakiwa kueleza nauli yake, mwenyeji wake na siku atakayorudi. Hatuyataji haya ili kuchochea kinyongo. Twayataja ili mtu asijione mwombaji mbele ya dirisha la Uhamiaji. Yeye ni msafiri, na msafiri ana haki zake na wajibu wake.

Basi tuanze na tofauti ambayo wengi huichanganya. Uhamiaji hushughulika na mtu: wewe ni nani, na unaingia kwa ruhusa gani. Forodha hushughulika na mzigo: umebeba nini, na je, kinaruhusiwa au kinalipiwa ushuru. Katika nchi ya katikati huzuka swali la tatu, nalo ndilo kubwa kuliko yote: je, kwa sheria ya nchi hiyo umeingia, au unapita tu?

Mama mmoja wa kwetu Kidia alikuwa akienda Ulaya kwa binti yake aliyejifungua. Aliposhuka katika uwanja wa kubadilishia ndege, alifanya kile ambacho mtu yeyote mwenye akili hufanya katika mji asioujua: aliwafuata watu. Watu wale walikuwa wenyeji wakirudi kwao. Wakampeleka mpaka kwenye dirisha la kuingilia nchini, na kwa kuwa hakuwa na viza ya nchi ile, akawekwa kando kwenye benchi. Hakuwa na kosa. Lakini hakuwa na lugha ya kueleza kwamba alikuwa akipita tu, na walipompata mkalimani ndege yake ilikwisha kuondoka. Alilala benchini akiwa na kanga moja.

Kwa hiyo neno la kwanza la kumfundisha mzazi, hata kama hajui Kiingereza, ni sura ya maneno mawili yaliyoandikwa juu ya njia za kiwanjani: "Transfer" na "Arrivals". La kwanza ni la anayepita, la pili ni la anayeingia. Yaandikeni kwa herufi kubwa kwenye karatasi, ayashike mkononi na kuyalinganisha na mabango. Mzee asiyejua lugha hulinganisha maumbo vizuri kuliko kijana mwenye haraka.

Jambo la pili ni tiketi, na hapa ndipo wengi hutapeliwa. Safari nzima ikiwa katika tiketi moja, mara nyingi sanduku lako huandikwa pale KIA hadi mwisho wa safari, nawe hupewa kadi zote za kupandia ndege. Lakini wapo wauzaji ambao, ili bei ionekane ndogo, hushona tiketi mbili zisizojuana: moja ya kukufikisha nchi ya katikati, nyingine ya kukutoa huko. Kwa macho ya mnunuzi ni safari moja. Kwa macho ya sheria ni safari mbili. Sanduku huishia katikati. Yakupasa uingie nchini, ulichukue, ulipitishe forodha, kisha ukaanze upya kama mtu anayetoka hapo. Kama nchi hiyo hudai viza, nawe huna, umekwama. Na ndege ya kwanza ikichelewa, ya pili haikungojei wala mwenye ndege hawajibiki kwako. Kijana mmoja wa Kiboriloni alinunuliwa tiketi za namna hiyo kwa michango ya ukoo. Alirudishwa nyumbani kutoka nusu ya njia, na aliyemwuzia akasema kazi yake ilikuwa kuuza, si kufundisha.

Kuna njia rahisi ya kujua. Tazama kile kikaratasi kinachofungwa kwenye mpini wa sanduku. Kila uwanja una herufi tatu: KIA yetu ni JRO, Nairobi ni NBO, Addis Ababa ni ADD, Doha ni DOH, Amsterdam ni AMS. Unakwenda Hamburg na kikaratasi kimeishia AMS? Uliza hapohapo, kabla mkanda haujalimeza sanduku.

Nchi nazo hazifanani. Katika viwanja vingi, kama Addis Ababa na Doha, anayepita kwa tiketi moja hukaguliwa usalama tu, kisha huendelea na safari bila kugongewa muhuri wa kuingia. Katika nchi za Ulaya zenye mpaka wa pamoja, anayekwenda Ujerumani kupitia Amsterdam hukaguliwa pasipoti Amsterdam, kwa maana pale ndipo anapoingia Ulaya. Tangu Oktoba 2025 walianza pia kusajili alama za vidole na sura za wageni kwenye mipaka hiyo. Akifika Hamburg haulizwi tena pasipoti kama mgeni anayeingia, ila sanduku lake hupita forodha hukohuko mwisho wa safari. Kwa hiyo jamaa anayempokea asishangae kwamba mama ametoka upesi, wala mama asidhani kwamba amekwepa kitu. Uingereza ni kali zaidi: humdai Mtanzania viza ya kupita hata kama hatatoka kiwanjani, isipokuwa ana hati fulani za kumwondolea sharti hilo.

Marekani haina mlango wa kupita kabisa. Hata anayekwenda nchi nyingine huhesabiwa kuwa ameingia, naye hutakiwa kuwa na viza. Na katika uwanja wa kwanza wa Marekani, hata kama una ndege nyingine ya ndani mbele yako na kikaratasi kinaonyesha mji wa mwisho, kwa kawaida yakupasa kulichukua sanduku, kulipitisha forodha kwa mkono wako, na kulikabidhi tena upande wa pili. Wengi wamefika kwa watoto wao na mikono mitupu kwa kuwa sanduku lilibaki likizunguka kwenye mkanda wa mji wa kwanza likimngoja mwenyewe.

Sasa masanduku hayo yana nini? Tunajuana. Bibi haendi kumwona mjukuu mikono mitupu. Utakuta ndizi, nyama iliyokaushwa, maziwa ya mgando, asali, kahawa, na safari nyingine hata chupa ya mbege, ambayo kwa tabia yake haikubali kufungiwa na imewahi kuwaaibisha watu angani. Forodha ya Ulaya haitaki nyama wala maziwa ya msafiri kutoka kwetu, hata kidogo. Matunda na mboga, tangu Desemba 2019, hudaiwa cheti cha afya ya mimea. Lakini sheria hiyohiyo imeyaacha huru matunda matano, nayo ni nanasi, nazi, durian, tende na, mtafurahi kusikia, ndizi. Marekani huyatazama matunda mabichi kwa jicho kali zaidi, ndizi zetu zikiwemo. Kahawa iliyokaangwa huingia bila tabu kubwa. Asali huhesabiwa kuwa kimiminika, kwa hiyo chupa inayozidi mililita 100 ikae ndani ya sanduku, isiwe kwenye mkoba wa mkononi, maana katika nchi ya katikati mkoba hukaguliwa upya hata kama ulipita salama KIA.

Kanuni ya forodha ni moja popote: kutangaza si kosa, kuficha ndiko kosa. Aliyesema "nina chakula" kwa kawaida hunyang'anywa chakula tu. Aliyesema "sina" kisha nyama ikaonekana hutozwa faini, na jina lake huandikwa. Vivyo hivyo kwa fedha: kuanzia euro 10,000 Ulaya, au zaidi ya dola 10,000 Marekani, yapasa kutangazwa. Na mtu akikuomba umbebee bahasha au kopo la unga kwa ajili ya ndugu yake, hata kama mnasali pamoja, kataa kama hukulifunga kwa mikono yako. Afisa humwuliza aliyebeba.

Cheti cha chanjo ya homa ya manjano kisisahaulike. Aliyekaa Kenya au Ethiopia zaidi ya saa 12 akibadilisha ndege aweza kuombwa cheti hicho anaporudi nyumbani. Chanjo hupigwa angalau siku 10 kabla, na tangu Julai 2016 cheti ni cha maisha.

Tumefika mahali ambapo Tume hasa ilitaka kufika. Wengi wetu hupanda basi hadi Nairobi kwa sababu nauli za ndege huko huwa nafuu, na hilo ni halali. Mtanzania hahitaji viza kuingia Kenya. Pale Namanga, tangu kituo cha pamoja kizinduliwe Desemba 2018, mihuri ya nchi zote mbili hupatikana katika jengo moja. Lakini iwepo yote miwili: wa kutoka Tanzania na wa kuingia Kenya. Aliyevushwa bila muhuri atakuwa mtu asiyeeleweka mbele ya afisa wa uwanja wa Nairobi, na asiyeeleweka humtegemea aliyemvusha.

Na wapo wanaotaka hasa hali hiyo ya kutegemewa. Huja kwa mabinti zetu na ahadi ya kazi za nyumbani Uarabuni. Husema, "Tupitie Nairobi, maswali ni machache." Mzazi ajiulize: ni maswali gani hayo yanayoogopwa? Kazi halali ina mkataba unaosomeka, na yaweza kuthibitishwa kwa ofisi ya serikali inayoshughulikia huduma za ajira na kwa balozi zetu zilizoko Muscat, Abu Dhabi na Doha. Mabinti wengine husafirishwa kwa kundi, na pasipoti zote hukaa katika mkoba wa mtu mmoja, ati zisipotee. Sheria ya Kuzuia Biashara Haramu ya Usafirishaji wa Binadamu ya mwaka 2008 ilitungwa kwa ajili ya watu wa namna hiyo.

Hapa ule mlango wa nchi ya katikati, ambao tangu mwanzo tumeuzungumza kama tishio, hugeuka kuwa rafiki. Mbele ya dirisha la Uhamiaji kila mtu husimama peke yake, na pasipoti hutakiwa kuwa mkononi mwake. Kwa dakika moja yule mwenye mkoba hayupo. Binti anayejua hilo aweza kusema, kwa Kiswahili chake, kwamba hamjui anayempeleka. Mwambieni kabla hajatoka nyumbani. Aishike pasipoti yake, awe na nakala kwa mama yake, na namba ya ubalozi aikariri kama anavyokariri namba ya baba yake, kwa kuwa simu ndiyo huchukuliwa kwanza.

Kuhusu mahojiano yenyewe, jibu lililoulizwa, kwa ufupi na kwa ukweli. Usiseme unakwenda kutembea kama unakwenda kulea mtoto wa binti yako. Sema hivyo, maana afisa naye ana bibi. Kama huelewi, usiitikie kwa adabu. Kwetu kuitikia ni heshima, pale ni jibu. Omba mkalimani.

Mwisho, wazee. Wakati wa kununua tiketi aweza kuombewa msaidizi wa kiwanjani, bila malipo, ambaye humpokea mlangoni mwa ndege na kumpeleka kwa kiti cha magurudumu hadi ndege nyingine, akipitia Uhamiaji pamoja naye. Yule mama wa Kidia alikuwa ameandikiwa huduma hiyo tangu mwanzo. Aliikataa. Alituambia kwamba alipomwona kijana na kile kiti alimwamkia, akamwambia hajawa kiwete, akampita. Safari yake ya pili, mwaka uliofuata, alikaa kitini kuanzia mlango wa ndege, mkoba mapajani, na anasema alipitishwa mbele ya foleni yote kama Mangi.

Wenye safari mwezi ujao, tafadhali msiondoke. Leteni tiketi na pasipoti zenu hapa mbele, tuzisome pamoja.